Usiikatae Kazi kwa Kuogopa Kupoteza Mafao

Ndugu yangu unayeishi na ulemavu hapa Marekani, ukiitwa kazini usikimbilie kusema ndiyo wala hapana. Kaa kwanza na mshauri wa mafao. Nimewasindikiza wengi kwenye vikao hivyo nikiwa mkalimani, na mimi mwenyewe, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, nilipita njia hiyo hiyo. Wengi hufika wakiwa wameshaambiwa kwamba ukipokea mshahara wa kwanza tu, serikali inakata kila kitu. Si kweli, na uvumi huo umewafungia ndani watu wenye uwezo mkubwa.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: unapokea SSI au SSDI? Kama hujui, usione aibu, maana barua zote hutoka Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao haya, na zinafanana. SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali chache. SSDI inatokana na michango iliyokatwa kwenye mishahara, yako au wakati mwingine ya mzazi wako. Kanuni zake ni tofauti kabisa, ndiyo maana ushauri wa jirani, hata kama anakutakia mema, unaweza kukupoteza: huenda yeye yuko kwenye SSI na wewe uko kwenye SSDI. Mshauri anayeijua kazi yake hakisii. Anaomba taarifa yako iitwayo BPQY, inayoonyesha unapokea nini, kiasi gani, una bima ipi na miezi mingapi ya kazi imeshahesabiwa.

Tuanze na SSI. Kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Tuseme unapokea kiwango hicho, kazi inakulipa dola 885 kwa mwezi kabla ya makato, na huna kipato kingine. Kwanza wanaondoa dola 20, kisha 65, zinabaki 800. Inayohesabiwa ni nusu yake tu, yaani 400. Toa 400 kwenye 967, SSI yako inakuwa 567. Jumlisha na mshahara, una dola 1,452. Kuna mama mmoja aliyeomba kalamu akaipiga hesabu hiyo mwenyewe nyuma ya bahasha, akairudia, halafu akanyamaza kidogo na kuuliza, "Kwa hiyo kijana wangu akifanya kazi tunaongezewa?" Ndiyo, mama. Ila mshahara una makato ya kodi, na msaada wa chakula na wa kodi ya nyumba nao huwa na hesabu zake. Hizo nazo ziulize siku hiyo hiyo.

SSDI haipunguzwi kidogo kidogo namna hiyo. Unapewa miezi 9 ya kujaribu kazi, ambayo si lazima ifuatane, ndani ya kipindi cha miezi 60. Mwaka 2025, mwezi ulihesabiwa kuwa wa majaribio ukipata zaidi ya dola 1,160, na katika miezi hiyo mafao yako yote yanaendelea, hata mshahara ukiwa mkubwa. Baada ya hapo kuna miezi 36 ambayo kikomo cha mapato ya mwezi ndicho kinachoamua: kilikuwa dola 1,620 kwa mwaka 2025, au 2,700 kwa asiyeona. Ukishuka chini ya kikomo, malipo yanarudi. Na hata mafao yakishafungwa, afya ikikulazimisha kuacha kazi ndani ya miaka 5 unaweza kuomba yarudishwe bila kuanza maombi upya, huku ukilipwa kwa muda hadi miezi 6 wakati wanaamua.

Kwangu mimi, hofu kubwa haikuwa pesa, ilikuwa matibabu. Kwa wa SSI, Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kuendelea hata mshahara ukiifuta SSI yote, mradi hujavuka kikomo cha mapato cha jimbo lako. Kwa wa SSDI, Medicare, bima ya afya ya serikali inayoambatana na SSDI, huendelea angalau miezi 93 baada ya miezi ya majaribio, ulemavu ukiwa bado upo. Tena, gharama unazolipa mwenyewe ili uweze kufanya kazi, kama vile dawa, matengenezo ya kiti au usafiri maalumu, zinaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayohesabiwa. Risiti zote zitunze.

Nakusihi sana katika jambo hili: ripoti mshahara wako kila mwezi. Kwa SSI, usipitishe tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Usipofanya hivyo, malipo yanaendelea kuingia kama kawaida, kisha siku moja inakuja barua ya kudaiwa. Nimekaa na familia zilizosoma barua hiyo zikitetemeka. Kila hati ya mshahara itume, na uthibitisho kwamba wameipokea usiutupe.

Ushauri huu ni bure kupitia WIPA, miradi ya kuwashauri wanaopokea mafao ya ulemavu kuhusu kazi. Piga 1-866-968-7842, namba ya Ticket to Work, mpango wa Social Security wa kuwasaidia wanaopokea mafao ya ulemavu kuingia kazini, wenye umri wa miaka 18 hadi 64. Mshauri hatakulazimisha kufanya kazi wala kukukataza. Atakuonyesha hesabu, uamuzi ni wako. Ukipiga, omba mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri, maana mambo ya ugonjwa na pesa za nyumbani ni mzigo asiostahili kubebeshwa.