Ukilelewa kwa ndugu, ukubwani mwili bado unaomba ruhusa

Huku Nyanda za Juu Kusini, mtoto kulelewa na bibi au shangazi ni jambo la kawaida. Mzazi yuko kwenye mashamba ya chai Mufindi, au Dar es Salaam akitafuta maisha. Njombe na Iringa wengi walibaki na bibi baada ya UKIMWI kuchukua wazazi. Malezi hayo yameokoa wengi. Kinachoumiza ni mtoto kuhamishwa bila kuambiwa, kisha kugundua kwamba chakula chake kinategemea kazi aliyofanya.

Mtoto huyo hujifunza kusoma sura za wakubwa. Shangazi akitua sufuria kwa kishindo, yeye tayari ameshika ufagio. Ukubwani hawezi kutulia mwenzake akifanya kazi, akiugua anaficha, na bosi akimwandikia tu "njoo ofisini" anatokwa jasho. Watu humsifu kwa uchapakazi, ndiyo maana maumivu yake huchelewa kuonekana.

Mwaka 1998, Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa Marekani: kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na hata ugonjwa wa moyo ilivyopanda. Ni hatari, si hukumu.

Kama unajiona hapa, kwa wiki mbili andika kila jioni mstari mmoja: nini kilinishtua, mwili ulifanya nini (tumbo, mabega, pumzi), nikakimbilia kufanya nini. Usichambue bado. Hofu ikija, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe hadi sita, mara kumi. Kuitoa polepole hushusha mapigo ya moyo. Kisha omba msaada mdogo, kama kushikiwa mtoto kidogo. Wengi hukwama hapa: huanza na ombi kubwa, tena kwa yuleyule aliyewaumiza, wakikataliwa wanajifungia upya.

Nawe unayelea mtoto wa ndugu, mweleze mapema anakuja kwa nani na kwa muda gani. Sahani yake ijae hata siku aliyovunja kikombe. Ukimfokea bila haki, mwombe radhi siku hiyohiyo. Na "nitakurudisha kwenu" isitoke kinywani mwako kabisa, hata kwa utani.

Usingizi ukikatika kwa wiki mbili au mawazo ya kufa yakija, nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa, uulizie huduma ya afya ya akili. Kwa mtoto anayeumizwa sasa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.