Masaji ya limfu: kwa mnaoanza kazi ya mikono

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii mmetokea kwenye kuchua: mafuta mengi, kiwiko mgongoni, mteja anaguna na kusema hapo hapo. Masaji ya limfu haitaki nguvu hiyo. Limfu ni yale maji yanayobaki kati ya seli za mwili na kukusanywa na mishipa yake yenyewe. Mishipa midogo inayoanza kuikusanya iko juujuu, chini tu ya ngozi, na kuta zake ni nyembamba mno. Ukibonyeza mpaka ukafikia msuli, umeshaipita na umeibana. Mwanzoni mtaona kama hamfanyi kitu. Vumilieni. Kazi yenyewe ni kuivuta ngozi polepole upande inakoelekea limfu, kisha kuiachia irudi yenyewe. Mkono hautelezi, ngozi ndiyo inayosogea, na kwa sababu hiyo mafuta tunayaweka kando.

Walioianzisha ni mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder. Walikuwa wakifanya kazi kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1936 waliitambulisha Paris.

Sasa shikeni mpangilio. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Inategemea mishipa yake ijikaze, misuli ifanye kazi, na mtu avute pumzi ya tumboni. Safari yake inaishia karibu na mtulinga, ambako inamwagikia kwenye veni, mshipa unaorudisha damu moyoni, na kurudi katika damu. Basi tunaanzia hapo shingoni, hata kama aliyelala kitandani analalamikia miguu. Ni kama foleni ya magari: wa mbele asipotoka, ukimsukuma wa nyuma hafiki popote. Baada ya shingo, mwache mteja apumue kwa tumbo, kisha nenda kwenye kinena, halafu paja, na wayo uwe wa mwisho.

Vitabu vya Ulaya vinafundisha kwamba ngozi ikigeuka nyekundu umezidisha nguvu. Kwa ngozi nyeusi ya wateja wetu wengi wekundu huo hauonekani vizuri. Sikilizeni mwili badala yake: bega likijikaza, pumzi ikikatika, punguzeni. Masaji hii haipaswi kuuma hata kidogo.

Kuhusu faida kwa mtu mzima wa afya, semeni ukweli. Hutuliza sana, wateja wengi hulala. Uso uliovimba asubuhi hupungua kwa saa kadhaa. Miguu iliyojaa kwa kusimama kazini hupata nafuu. Lakini matangazo ya kutoa sumu mwilini na kuyeyusha tumbo msiyarudie, hata mwenye duka akiyabandika ukutani. Kazi ya sumu ni ya ini na figo. Kinachopungua ni maji, na mafuta ya mwili yanabaki palepale. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi akijua anachokilipia.

Kabla ya kumgusa mtu, muulize. Hapa sitaki haraka. Mguu mmoja umevimba ghafla, kigimbi kinauma au kina joto? Huenda damu imeganda kwenye veni, na bonge likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu. Mnaofanya kazi kwenye hoteli za Zanzibar hili liwakae kichwani, maana wageni wanashuka kutoka ndege za saa nyingi. Miguu yote miwili ikiwa imejaa kidogo bila maumivu, mara nyingi ni ile safari. Mmoja ukiuma, hospitali, siku hiyo hiyo. Miguu imevimba na mtu hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi? Moyo huenda umechoka. Usiurudishie maji zaidi kwa masaji. Ana homa, ngozi nyekundu au ya moto? Ni maambukizi, subiri atibiwe. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kinauma, anaona nyota machoni? Hiyo ni dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Mpeleke, usimlaze kitandani kwako. Kukataa pesa ya mtu wa namna hii ni sehemu ya ufundi wetu.

Watakuja pia kina mama waliotolewa tezi za limfu za kwapani kwa saratani ya matiti, mkono umejaa. Msiwaguse kwa mafunzo mafupi ya saluni. Daktari Michael Földi na wenzake Ujerumani walijenga tiba ya mambo manne kwa pamoja: masaji, bendeji za kubana, mazoezi na kutunza ngozi. Masaji peke yake haitoshi, kwa sababu bila bendeji maji hurudi. Mwelekezeni mgonjwa kwa daktari wake au kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea jambo hili.

Na sisi wa pwani, kuanzia Lamu na Kwale mpaka Tanga, Lindi na Mtwara, tuna matende. Minyoo inayoletwa na mbu huharibu mishipa ya limfu, na mkono wetu hauwezi kuirudisha. Ndugu akikuuliza umkande mzee wake, mpe kinachosaidia kweli: mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri mpaka katikati ya vidole, kila mchubuko utibiwe mapema, mguu uinuliwe anapokaa na anapolala, kifundo kichezeshwe, na avae viatu vipana visivyomchubua. Kliniki nayo aende, akapimwe na kupewa dawa. Kama ni busha, aulize kuhusu upasuaji.