Mirija ya nyongo baada ya kifuko kutolewa: MRCP au ERCP?

Kati ya vipimo hivi viwili vya mirija, ni MRCP, kama lengo ni kuangalia tu. Kifuko cha nyongo kimetolewa lakini mirija imebaki, kwa hiyo kijiwe kinaweza kuwa kilisalia humo au kikajiunda upya, na altrasaundi mara nyingi haikioni kwa sababu gesi ya utumbo huficha sehemu ya chini ya mrija mkuu. MRCP ni aina ya MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku: haina mionzi, hakuna kifaa kinachoingizwa mwilini, na kwa kawaida hata sindano ya dawa ya kung'arisha picha haihitajiki. ERCP hupitisha kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo na inaweza kusababisha kongosho kuvimba, ndiyo maana siku hizi huachiwa kazi ya kutoa kijiwe chenyewe. Ripoti ikisema mrija umepanuka kidogo, usishtuke. Baada ya upasuaji huu hata milimita 10 inaweza kuwa kawaida, mradi vipimo vya ini viko sawa. Ila vijiwe vidogo, hasa vya chini ya milimita 5, huweza kuiponyoka MRCP. Na mwenye homa, maumivu ya tumbo na macho ya njano kwa pamoja asingoje miadi ya picha, aende hospitali leo hii.