Nyama za puani zimerudi: ukatwe tena au usubiri hizo sindano mpya?

Pole sana mkuu. Umesema ulifanyiwa upasuaji wa nyama za puani 2022, zimerudi, daktari anataka akukate tena, na shemeji yako aliyeko Ulaya amekwambia kule siku hizi watu wanachomwa sindano tu zinanywea zenyewe. Waliokujibu kabla yangu wamekupa mvuke wa mkaratusi, kitunguu saumu na habbat soda. Sina ugomvi nao. Ila mimi nimelala kwenye kitanda cha upasuaji mara mbili kwa tatizo hilo hilo, pua imenitesa mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo ngoja nikujibu kama mgonjwa mwenzako. Daktari siyo mimi, mimi ni fundi umeme.

Kwanza tuelewane, maana hapo juu watu wamechanganya vitu viwili. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi, akiambiwa ana "nyama za puani", mara nyingi ni tezi zilizo nyuma kabisa ya pua ambazo zimevimba. Zetu sisi watu wazima ni polipu, nazo ni ugonjwa mwingine. Daktari alinionyesha zangu kwenye skrini ya kamera: vitu laini, vya kijivu, vinang'aa kama zabibu iliyomenywa. Alizigusa na kile chuma sikusikia maumivu yoyote. Kwa kawaida huwa pande zote mbili. Anayesoma hapa na kwake ni upande mmoja tu, hasa kama anatoa na damu, asihangaike na uzi huu, aende akaonwe haraka, kwa sababu hiyo inaweza kuwa uvimbe wa aina nyingine kabisa.

Miaka yangu mitatu ya kwanza niliipoteza kwenye matone. Unayajua, yale ya kuzibua pua, ukidondosha dakika mbili unapumua kama mtoto. Nilikuwa na kichupa kwenye gari, kingine kwenye boksi la vifaa, kingine chini ya mto. Hakuna aliyeniambia kwamba yakipita siku tano hivi yanaanza kuiziba pua yenyewe, ndiyo maana unaongeza, ndiyo maana haikuachii. Kuyaacha kulinichukua wiki mbili za kulala nimekaa.

Nikaingia kwenye antibayotiki. Kila nikienda zahanati, "una sainasi", yaani uvimbe kwenye vyumba vya hewa vinavyozunguka pua, dozi ya siku saba, tena na tena. Mwaka 2025 Waingereza walitoa majibu ya utafiti mkubwa kuhusu jambo hili. Walichukua wagonjwa zaidi ya 500 wenye sainasi sugu, yaani iliyozidi wiki 12, wakawagawa makundi matatu: wa upasuaji, wa antibayotiki ya klarithromaisini kwa dozi ndogo miezi mitatu, na wa vidonge visivyo na dawa. Wote waliendelea na dawa ya kupuliza na kuosha pua. Baada ya miezi sita waliofanyiwa upasuaji walikuwa na nafuu ya wazi. Wa antibayotiki hawakuwazidi wale wa vidonge vitupu. Nilipoisoma nilikumbuka hela zangu zote za duka la dawa.

Sasa swali lako. Nilichochelewa kuelewa mimi ni kwamba zile nyama ni matokeo. Ugonjwa wenyewe uko kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, ambayo imewaka na haizimiki. Kwa wengi wetu wenye polipu, mwili unamwaga seli za damu ziitwazo eosinofili na kemikali zake pale puani kana kwamba kuna minyoo ya kupigana nayo, kumbe hakuna. Ngozi inavimba, inajaa maji, inaning'inia, hiyo ndiyo polipu. Ukikata umeondoa kilichoning'inia, moto uko pale pale. Kule Ghent, Ubelgiji, waliwafuatilia wagonjwa 38 miaka 12 baada ya upasuaji: kwa 30 polipu zilikuwa zimerudi, na 14 walikuwa wameshakatwa tena. Kwa hiyo zako kurudi siyo lazima daktari wa kwanza aliboronga.

Hata hivyo usiukatae upasuaji kwa sababu hiyo. Pua iliyoziba haipitishi dawa, unapuliza inaishia mlangoni. Upasuaji unafungua njia ili dawa ifike kule juu. Kosa langu la mara ya kwanza ndilo hili: nilitoka wodini napumua vizuri, nikajiona nimepona, nikaacha kupuliza. Mwezi wa 14 nilikuwa nimeziba tena. Mara ya pili nimeshikilia, na huu ni mwaka wa nne.

Ninachofanya ni hivi. Asubuhi na usiku naosha pua kwa maji ya chumvi, kama robo lita, nusu tundu hili nusu lile, nimeinama kwenye sinki mdomo wazi. Chumvi ya dukani kwetu ina madini joto na wengine inawawasha, kwa hiyo mimi nanunua dripu ya kawaida ya chumvi duka la dawa, napasha kidogo vuguvugu, basi. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, maji yawe yamechemka kisha yakapoa. Usipandishe puani maji ya bomba au ya kisima hivi hivi: Louisiana, Marekani, mwaka 2011 watu wawili walikufa kwa amiba anayekula ubongo baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni nadra sana, lakini kuchemsha maji kuna kazi gani?

Kisha dawa ya kupuliza ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe. Wengi tunaipuliza vibaya. Unainamisha kichwa, mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto na wa kushoto la kulia, ncha ielekee upande wa jicho au sikio, isielekee ukuta wa katikati, huo ndio unaotoka damu. Usivute kwa nguvu, ukisikia uchungu kooni ujue imepita moja kwa moja umeimeza. Na usiipime kwa siku mbili, inataka wiki kadhaa.

Vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza? Vinafanya kazi kwa kasi ya ajabu, na hapo ndipo penye mtego. Nilipewa siku kumi. Siku ya tatu nimekaa barazani nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa kwa jirani. Nilikuwa sijasikia harufu yoyote miaka miwili. Nilinyanyuka nikaenda hadi ukutani kwake nikasimama pale kama mwizi. Wiki tatu baadaye ikapotea tena, na mimi nikataka vidonge zaidi. Daktari akakataa, kwamba ukivirudia rudia vinakula mifupa, vinapandisha sukari na presha. Wapo wanaojinunulia wenyewe, jamani acheni.

Harufu ndiyo iliyoniumiza kuliko kuziba. Fundi umeme asiyesikia waya ukiungua ni hatari kwake na kwa mwenye nyumba. Siku moja Tabata, hapa Dar, nipo na soketi ya jiko, nimegeuka natafuta bisibisi, mama mwenye nyumba akaingia mbio kutoka uani: "Fundi, husikii?" Plastiki ilikuwa inayeyuka nusu mita kutoka usoni kwangu, na moshi ulikuwa bado haujaanza kuonekana.

Hizo sindano ni kweli zipo. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani kwa polipu za pua ni dupilumabu, Juni 2019, baada ya majaribio mawili yenye wagonjwa 724 kwa jumla. Inazuia zile kemikali zinazoendeleza moto. Kabla ya sindano karibu robo tatu yao hawakusikia harufu kabisa, baadaye wakabaki kama robo. Zikafuata omalizumabu mwishoni mwa 2020, mepolizumabu Julai 2021, na tezepelumabu Oktoba 2025. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa watu 408 kwa wiki 52: waliofikia hatua ya kuhitaji kukatwa walikuwa chini ya mmoja kwa mia upande wa dawa, na zaidi ya 20 kwa mia upande wa sindano tupu.

Shemeji yako hakukwambia mambo mawili. Dupilumabu unajichoma kila wiki mbili, na katika jaribio moja walipoiacha baada ya wiki 24 hali ilianza kurudi nyuma. Haikati mzizi, inaukandamiza kwa muda unaoitumia. Na bei yake iliyotangazwa Marekani inazidi dola 3,000 kwa mwezi. Kwa kipato changu hiyo ni habari ya kusoma tu. Hata Ulaya kwenyewe hawampi kila mtu. Mwongozo wao wa 2020 unataka uwe umeshakatwa, na juu ya hapo utimize matatu kati ya matano: dalili za eosinofili, kuhitaji steroidi za vidonge mara mbili au zaidi kwa mwaka, maisha kuharibika kwa kiwango kikubwa, kupoteza harufu, na kuwa na pumu.

Kipimo cha eosinofili siyo cha ajabu, kimo ndani ya FBP ya kawaida, kile kipimo cha damu cha kuhesabu seli zote, mwambie daktari akusomee namba hiyo. Mwongozo huo wa 2020 ulihesabu kuanzia seli 250 kwa maikrolita ya damu, marekebisho ya 2023 yakashusha hadi 150.

Una pumu? Hukusema. Nauliza kwa sababu takribani mmoja kati ya kumi wenye polipu ana pumu pamoja na mwili usiopatana na aspirini na jamaa zake, ibuprofeni na diklofenaki. Mimi ni mmojawapo. Nilijua siku nilipomeza diklofenaki ya mgongo, saa moja baadaye kifua kimebana, nimepelekwa na bodaboda nikiwa siwezi kumaliza sentensi. Watu wa aina yetu ndio polipu zinawarudia haraka zaidi. Kama uliwahi kubanwa baada ya dawa ya maumivu, iandike kwenye faili lako kabla ya chochote, na mtu wa nusu kaputi aijue.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemuuliza daktari maswali haya: picha mpya ya CT inaonyesha nini, mara hii atafungua vyumba vyote vya sainasi au ataondoa zilizochomoza tu, na baada ya hapo atanifuatilia kwa kamera kila baada ya muda gani. Akiyajibu vizuri, ningekatwa, na safari hii nisiache kupuliza.

Yule aliyeuliza kuhusu harufu baada ya Korona, kuna mazoezi ya Profesa Hummel wa Dresden, yalichapishwa 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila kimoja unanusa sekunde chache, asubuhi na jioni, wiki 12 au zaidi. Nami niliyafanya baada ya upasuaji wa pili, karafuu nikazinunua Kariakoo. Karafuu ilirudi mwezi wa pili, limau wa tatu. Waridi mpaka leo nanusa pamba tupu. Waya unaoungua nausikia.