Kushuka kusini na kaskazi: maisha ndani ya yoti kutoka Msasani hadi Mtwara

Mkuu, umeuliza watu wa zile yoti, mashua za matanga za kutembelea, zinazotia nanga Msasani, Dar, mwishoni mwa mwaka wanaishije humo ndani, na kama Mtanzania anaweza kupanda akashuka nazo hadi Mtwara. Inawezekana. Mimi nilikwenda kama baharia msaidizi kwa wazee wawili wa Kiholanzi, mume na mke, waliokuja kukwepa baridi ya kwao. Walitokea Kilifi, wakataka mtu anayejua Kiswahili na anayejua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni nini.

Kwanza elewa kwa nini safari hiyo ni ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Pwani yetu mkondo wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, upepo na mkondo vyote viko dhidi yako. Utapiga bishi, yaani kwenda kwa kona-kona dhidi ya upepo, mpaka uichukie Kilwa kabla hujaiona. Desemba hadi Machi upepo unatoka nyuma, na mkondo unapungua kasi, lakini haugeuki. Ndiyo maana huko nje kwenye kina kirefu mawimbi huwa mafupi na yamesimama wima, kwa sababu upepo unagongana na mkondo. Nahodha mwenye akili hupita ndani, kati ya visiwa na bara: Sinda, Ras Kutani, Kwale, Koma, halafu ndiyo anavuka kwenda Mafia.

Wengi wanadhani watu wa yoti wanakwenda polepole kwa sababu ya starehe. Si kweli. Jahazi likikaa juu ya fungu la mchanga maji yakipwa, watu wanachemsha chai wakingoja yajae. Yoti ile ilikuwa na mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unaozama karibu mita 2, ikikwama inalala ubavu na maji yanaweza kuingia yakirudi. Kwa hiyo tulisafiri jua likiwa juu tu, kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ili macho yasome maji: bluu nzito ni kina, kijani cheupe ni mchanga, kahawia ni mwamba. Ukikaribia delta ya Rufiji hata hiyo elimu inakwisha, maji yote ni tope, unabaki na kipimo cha kina peke yake. Usiku ndiyo usiseme, nyavu za majarife na mitumbwi isiyo na taa kila upande. Saa tisa nanga iko chini, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kutia nanga ni hesabu. Bamvua yetu inapanda zaidi ya mita 3. Ukishusha nanga maji yamekupwa kwenye mita 5, usiku utakuwa kwenye mita 8 na ushee, na mnyororo unatakiwa kama mara tano ya kina hicho, yaani mita 40 na kitu. Ukiupiga bakhili, saa nane usiku nanga inaburuta. Bibi yule alikuwa akizamia na miwani kila mara kwenda kuikagua kwa macho yake. Nilimheshimu sana kwa hilo, kuliko mumewe mwenye skrini zake.

Joto nalo lina kituko chake. Ukitembea na upepo wa nyuma huusikii, jua linakuchoma na ndani ni tanuri. Mkitia nanga tu chombo kinageuza omo, yaani mbele yake, kuelekea upepo, unafungua dirisha la mbele, na unalala vizuri kuliko nyumbani Sinza mwezi wa pili.

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mali. Sahani tuliosha kwa maji ya chumvi, tukasuuza kwa kikombe kimoja cha maji ya tangi. Umeme ni wa sola na betri. Mawingu yakikaa siku mbili friji inazimwa, samaki analiwa leo leo. Tulibeba mchele, viazi, vitunguu, ndizi mbichi na nazi, vitu visivyohitaji friji. Gesi ya kupikia ndiyo iliyonitia nidhamu: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya ngamani, chini kabisa ya chombo, cheche moja inatosha. Kila ukimaliza kupika unafunga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu.

Vituo vitamu? Kilindoni kisiwani Mafia, kwa papa potwe wanaoonekana msimu huo. Kilwa, ghuba yenye kina na magofu ya Kisiwani mbele yako. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331. Mikindani, jirani na Mtwara, nayo ni ghuba iliyofungwa karibu pande zote, maji yametulia. Eneo la hifadhi ya bahari Mafia kuna ada kwa wageni, na kila bandari wanaweza kutaka orodha ya waliomo, kwa hiyo usipande bila jina lako kuandikwa na hati yako kuwa mkononi.

Zaidi ya Mtwara mimi nisingekushauri. Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, ina mapigano tangu Oktoba 2017, na msimu wa kaskazi ni msimu wa vimbunga pia upande huo: Kenneth ilipiga huko Aprili 2019, na Hidaya ilifika mpaka Mafia Mei 2024. Kwa hiyo wengi wanatulia Mikindani, wakati mwingine wiki nyingi, na mabaharia wa kwetu wanashuka.

Kwa hiyo kabla hujapanda Msasani kubaliana nao nani analipa nauli ya kurudi. Mimi nililipiwa kwa sababu niliuliza mapema. Basi la Mtwara–Dar linakurudisha kwa siku moja.