Onyesha viatu, usionyeshe muamala

Rafiki akiuliza "umechukua wapi, bei gani?", jibu la haraka huwa ni kupiga skrinishoti ya ujumbe wa malipo na kuirusha kwenye grupu. Yeye alitaka bei na jina la duka tu. Ujumbe wa M-Pesa unampa pia namba ya muamala, siku na saa, jina la aliyelipwa, hata salio lililobaki. Ikimfikia tapeli, atapiga akijifanya huduma kwa wateja, akutajie kiasi na saa uliyolipa, nawe utamwamini. Au atamwonyesha muuzaji picha hiyohiyo adai mzigo ni wake. Andika tu: "Raba, elfu 45, duka fulani."

Ukilazimika kutuma picha, funika taarifa hizo kwa kisanduku cheusi kisichopitisha rangi. Kalamu ya kupakia rangi haifai: mtu akiongeza mwangaza, tarakimu zinasomeka. Kisha piga skrinishoti ya picha uliyofunika, utume hiyo mpya. Usidhani huo ni woga. Mwaka 2023 ilibainika kwamba kihariri cha picha cha simu za Google Pixel kiliacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na iliwezekana kuirudisha.

Kifurushi nacho kipige picha kikishafunguliwa, lebo ikiwa pembeni. Ina jina, simu na mahali unapopokelea, na ile mistari myeusi husomeka kwa simu yoyote yenye programu yake.

Linki ya bidhaa mara nyingi ina mkia mrefu baada ya alama ya kuuliza, ambao unaweza kuonyesha nani kaisambaza. Ufute, halafu ifungue uhakikishe bidhaa bado inatokea, kwa kuwa maduka mengine huweka namba ya bidhaa humohumo.

Kuna wanaotumia akaunti moja ili wagawane nauli ya mzigo. Nauli inapungua, sawa, lakini kila mwenye nywila anaona oda zote: dawa, nguo za ndani, zawadi ya mtu aliye humohumo. Facebook ilijaribu kutangaza manunuzi ya watumiaji wake kwa marafiki zao mwaka 2007 kupitia mfumo ulioitwa Beacon. Ilishtakiwa, na mwaka 2009 ikaufunga mfumo huo. Heri mmoja aagize kwa akaunti yake, wengine wamtumie linki na hela. Kwa oda za siri, kila mtu ajitegemee. Kama nywila imeshazunguka, ibadilishe, toa vifaa vyote vilivyoingia, halafu ondoa kadi iliyohifadhiwa.