Tija ya viwanda vya kompyuta: kagua fahirisi ya bei kwanza

Mwenye uzi anauliza kwa nini takwimu za miaka ya 1990 zinaonyesha mfanyakazi wa kiwanda cha kompyuta Marekani akimwacha mbali mwenzake wa Ujerumani kwa tija (thamani anayozalisha kwa saa ya kazi), ilhali wote wanafunga vipuri vya aina moja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imezaliwa na fahirisi ya bei, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyobadilika mwaka hadi mwaka.

Laptopu ikiuzwa bei ya mwaka jana huku prosesa na RAM zimeongezeka nguvu, bei imesimama au imeshuka? Marekani ilianza mwaka 1985 kutumia mbinu ya hedoniki: unakadiria kwa regresheni (hesabu ya takwimu inayotenganisha mchango wa kila kitu) thamani ya kila sifa (kasi, RAM, diski), kisha ubora ulioongezeka unauhesabu kama punguzo la bei. Ujerumani iliifikia 2002. Basi mauzo yakipanda kutoka milioni 100 hadi 150, anayesema bei haikusogea anapata ukuaji wa 50%. Anayesema imeshuka 25% anapata 100%, kwa sababu 150 ÷ 0.75 ni 200. Saa za kazi ni zilezile!

Dawa ya kawaida: pima bei za kompyuta Marekani zimeshuka kiasi gani zikilinganishwa na bidhaa nyingine za hukohuko, halafu pengo hilo litumie juu ya mfumuko wa bei wa kila nchi ili kupata fahirisi yake ya kompyuta. Si kamilifu, ila angalau wote wanapimwa kwa rula moja.

Wengi huteleza kwenye vipuri. Chukua mfano wa karakana ya hapa Nairobi inayounganisha kompyuta 100 kwa mwaka na kuziuza KSh 50,000 kila moja. Mauzo milioni 5, vipuri kutoka nje milioni 4, thamani iliyoongezwa milioni 1. Mwaka unaofuata kila kitu ni vilevile, ila fahirisi ya vipuri imeshuka kutoka 100 hadi 50, na ya mashine nzima hadi 56 hivi. Mauzo halisi, yaani yaliyorekebishwa kwa fahirisi, sasa ni karibu milioni 9 (5 ÷ 0.56). Ukitoa vipuri kwa milioni 4 bila kuvirekebisha, tija imeruka mara tano na hakuna aliyeongeza kasi ya bisibisi. Virekebishe navyo, vinakuwa milioni 8, na unarudi kwenye milioni 1 yako. Sifa ni za waliotengeneza chipu.

Kuhusu sarafu, maana kulinganisha nchi mbili lazima ubadilishe pesa ziwe za aina moja: dola ilitoka karibu KSh 160 mapema 2024 hadi karibu 130 miezi michache baadaye. Aliyebadilisha kwa bei ya siku angeona tija ya Kenya "ikipanda" 23%. Usikimbilie pia uwiano wa uwezo wa kununua (kiwango cha kubadilisha pesa kinacholinganisha bei za bidhaa zilezile katika nchi mbili) wa uchumi mzima, kwani unabebwa na kodi ya nyumba, kinyozi na sukuma wiki, ambavyo ni rahisi hapa. Laptopu mpya ya Luthuli Avenue, mtaa wa Nairobi wa vifaa vya elektroniki, haina urahisi huo. Tafuta uwiano wa kundi la mashine na vifaa peke yake.